Pua ya Plastiki

Saa tisa na dakika kumi za usiku
ikalia tena.
Nikaufunga mtungi gizani, nikashuka na kanga moja,
viatu mkononi,
nikasimama kwenye mchanga wa Tegeta
nikiitazama nyumba yangu ya magurudumu sita
kama mtu anayetazama mtoto akilia
asiyejua kusema kinachomuuma.

Niliinunua kwa Mjerumani aliyechoka barabara.
Alinionyesha kitanda, sinki, jiko la mafiga mawili,
na chini kabisa, shibiri moja kutoka sakafuni,
kisanduku cheupe.
"Gesi hii nzito," alisema, "haipai, inatambaa.
Ndiyo maana pua iko chini."
Nikacheka.

Mara ya kwanza mtaa mzima ulitoka,
Mama Nunu na ndoo ya maji,
Kibwana mlinzi na rungu.
Rungu la kupigia gesi!
Mara ya tano alitoka Kibwana peke yake.
Mara ya tisa alikohoa tu, kutoka kibandani.
"Lisemwalo lipo," Mama Nunu aliniambia asubuhi, akingoja chenji,
"na kama halipo laja."
Akabeba vitumbua vyake vinne, akaenda zake.

Nikamwita Lwitiko, fundi mafriji.
Alikuja na povu la sabuni ndani ya kopo la maziwa,
akapaka kila kiungo, mpira, koki, nati,
magoti sakafuni, tochi mdomoni.
"Penye tundu," akasema, na tochi ikamdondoka,
"penye tundu povu huota macho."
Tukangoja.
Povu likakauka bila kufumbua hata jicho moja.

Tukautoa mtungi nje siku mbili, nikapikia mkaa.
Usiku wa pili ikalia.
Unalilia nini, we kiumbe, na gesi haipo?

Labda betri, akasema Lwitiko.
Umeme ukipungua, kitu hiki hupayuka kama mwenye homa.
Akapima: kumi na mbili nukta sita. Betri nzima.
Labda dawa ya mbu. Nikaacha kupuliza,
mbu wakanila wiki nzima.
Labda udi. Nikauacha na udi.
"Basi kata waya," nilimwambia.
"Sikati. Nije kukuzika?"

Akaja kukesha na Kibwana, kahawa na kashata,
mpaka saa tisa.
Ilipolia akaingia mbio, akalala kifudifudi,
pua yake sambamba na pua ile,
akavuta pumzi.
"Bi Sikudhani, chini ya kitanda kuna nini?"
"Ndoo."
"Ya nini?"
"Ya kesho. Mchele nimesaga, tui, sukari, hamira."
Akafunua mfuniko.
Povu.
Macho elfu, yanafumba, yanafumbua.

"Kinachoumuka kinapumua," akasema,
"na pumzi yake ni pombe. Kisanduku hakijui
pombe ni ipi na gesi ni ipi. Kinajua kuna mvuke."
Pombe! Nyumbani kwangu! Nikaziba mdomo kwa kanga,
sijui nilikuwa nacheka au naomba toba.
Miezi minne chakula changu ndicho kilichokuwa kinaniamsha,
nami nikikichoma kila asubuhi, nikikiuza, nikirudisha chenji.

Sasa ndoo inalala kibandani kwa Kibwana.
Anasema inamnong'oneza.
Nyumba imenyamaza, juma la pili hili,
na mimi saa tisa na dakika kumi
macho makavu,
nanusa.
Jana nilishuka kitandani, nikapiga magoti,
nikabonyeza kitufe cha kujaribia.
Ikalia mara moja, kifupi.
Kule kibandani,
Kibwana akakohoa.